Nani Anazungumza na Ufunguo? Historia ya Mawasiliano Maalumu kati ya Programu na Funguo za Usalama za Kielektroniki

Usuli

Ufunguo wa usalama wa kielektroniki ni kifaa kidogo, aghalabu cha kuchomekwa kwenye tundu la USB, ambacho hutunza siri ya kihisabati na kuitumia kutia saini bila kuitoa nje. Sifa hiyo ndiyo inayotajwa zaidi katika maandishi kuhusu vifaa hivi. Sifa ya pili haitajwi sana, nayo ni kwamba ufunguo ni kipofu. Kwa kawaida hauna kioo wala hauna muunganisho wake wa intaneti, na haujui ni tovuti gani iliyo mbele ya macho ya mtumiaji. Unajua tu kile unachoambiwa na programu iliyo upande wa pili wa waya. Programu hiyo ikisema kweli, saini itakuwa ya kweli. Ikisema uongo, ufunguo utatia saini juu ya uongo huo bila kusita.

Kwa sababu hiyo, swali la programu ipi iruhusiwe kuzungumza na ufunguo, na kwa lugha ipi, limekuwa na uzito sawa na swali la ubora wa hisabati iliyo ndani yake. Historia ya funguo hizi husimuliwa mara nyingi kama historia ya usimbaji fiche. Insha hii inaisimulia kama historia ya njia ya mazungumzo. Dai lake ni kwamba kila mara watunga viwango walipojenga mlango mmoja rasmi, waandishi wa programu walitoboa mwingine kando yake, na kwamba chanzo hakikuwa ukaidi. Mlango rasmi ulikuwa mwembamba kuliko kazi walizokuwa nazo mikononi.

Lugha ya kadi

Wazo la kuweka saketi ya kielektroniki ndani ya kadi ya plastiki lina wazazi zaidi ya mmoja. Nchini Ujerumani, Helmut Gröttrup na Jürgen Dethloff waliomba hataza mwishoni mwa miaka ya 1960. Nchini Ufaransa, Roland Moreno aliomba hataza ya kadi yenye kumbukumbu mwaka 1974, na Michel Ugon wa kampuni ya Bull akaiongezea kadi hiyo kichakataji mwishoni mwa muongo huo. Mabishano ya nani alitangulia hayana nafasi hapa. Muhimu zaidi ni kile kilichofuata kadi zilipotoka maabara na kuingia katika simu za umma na benki za Ufaransa: zilihitaji lugha moja ambayo kisomaji cha kiwanda kimoja kingeweza kuitumia kwa kadi ya kiwanda kingine.

Lugha hiyo iliwekwa katika kiwango cha ISO/IEC 7816, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitolewa mwaka 1987, na sehemu ya nne, inayoeleza amri zenyewe, mwaka 1995. Kipimo chake cha mazungumzo huitwa APDU. Amri huanza na baiti nne: ya kwanza hutaja kundi la amri, ya pili hutaja amri yenyewe, na mbili zinazofuata ni vigezo vyake. Baada ya hapo huja urefu wa data, data yenyewe, na idadi ya baiti zinazotarajiwa katika jibu. Kadi hujibu kwa data, ikiwa ipo, na kwa baiti mbili za hali. Jibu la 9000, kwa namba za msingi wa kumi na sita, lina maana kwamba mambo yamekwenda sawa. Katika umbo lake fupi, amri haiwezi kubeba zaidi ya baiti 255 za data.

Mambo mawili katika muundo huu yaliacha alama ya kudumu. Kwanza, kadi haianzishi mazungumzo, husubiri kuulizwa. Pili, kiwango hakikujaza nafasi zote. Kiliacha makundi ya amri kwa ajili ya matumizi binafsi, na kikaruhusu kadi moja kubeba programu kadhaa, kila moja ikiwa na namba yake ya utambulisho inayoitwa kwa amri ya A4. Kwa maneno mengine, mawasiliano maalumu hayakuwa uvunjaji wa kiwango. Yalikuwa yametengewa chumba ndani ya nyumba tangu msingi ulipochimbwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana mfano wa karibu wa jinsi chumba hicho kilivyotumika. Laini ya simu ni kadi ya aina hiihii. Katikati ya miaka ya 1990 watunga viwango vya GSM walitaka kadi iweze kuonyesha menyu na kutuma ujumbe, ilhali kadi haiwezi kuanza kusema. Ufumbuzi wao ulikuwa wa kijanja: kadi inapojibu amri yoyote, badala ya 9000 inaweza kujibu 91 ikifuatiwa na urefu wa amri inayoisubiri simu ije kuichukua. Simu huichukua, huitekeleza, kisha hurudisha matokeo. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, huduma hiyo ilikaa ndani ya menyu ya laini, na kila aliyeingiza namba yake ya siri alikuwa akishiriki katika mazungumzo ya namna hiyo bila kuona hata baiti moja. Kadi iliyonyimwa haki ya kuanza mazungumzo ilipewa njia ya kuyaanzisha kupitia tundu la majibu. Mbinu ya kupitisha jambo jipya ndani ya bahasha ya zamani itarudi tena katika historia hii, safari hiyo bila baraka za watunga viwango.

Upande wa kompyuta, kundi la PC/SC lilitoa kiolesura chake mwaka 1997 ili programu yoyote iweze kumfikia mwenye kadi kupitia kisomaji chochote, na mradi wa pcsc-lite ukaleta kiolesura hicho kwenye mifumo ya jamii ya Unix. Kadi ya OpenPGP, iliyoanza kutumika katika miaka ya mwanzo ya 2000 na ambayo namba yake ya utambulisho huanza na tarakimu zilizosajiliwa kwa jina la taasisi ya programu huria ya Ulaya, ilionyesha kwamba hata kikundi kidogo kinaweza kujitungia itifaki juu ya APDU na kuitangaza hadharani. Gharama ilikuwa kwa mtumiaji wa kawaida: kisomaji cha kununua, kiendeshi cha kusakinisha, na subira.

Ufunguo unaojifanya kibodi

Kampuni ya Yubico, iliyoanzishwa Sweden mwaka 2007, ilikwepa gharama hiyo kwa njia ambayo huenda ingeonekana ya mzaha kama isingefanikiwa. YubiKey ya mwaka 2008 ilijitambulisha kwa kompyuta kuwa kibodi. Mtumiaji alipogusa kitufe, kifaa kilichapa herufi 44: kumi na mbili za utambulisho, na thelathini na mbili zilizobeba kitalu cha baiti 16 kilichofungwa kwa AES. Hakuna kiendeshi kilichohitajika, kwa kuwa kila kompyuta inajua kibodi. Tatizo lililobaki ni kwamba kibodi za nchi mbalimbali hupanga herufi tofauti. Ndiyo maana waundaji walichagua herufi kumi na sita tu, kuanzia c, b, d na e, ambazo hukaa mahali pamoja katika mipangilio mingi.

Kibodi kwa kawaida husema tu, haisikilizi sana. Hata hivyo, kiwango cha HID kina ripoti ndogo ambazo kompyuta huweza kuipelekea kibodi, na Yubico ilizitumia kama mlango wa nyuma halali. Amri ya baiti 70 ilikatwa vipande kumi vya baiti saba, kila kipande kikiongezewa baiti moja ya mpangilio. Kupitia mlango huo programu iliweza kuupelekea ufunguo namba isiyozidi baiti 64 na kupokea jibu la HMAC-SHA1 la baiti 20. Programu za kutunza nywila kama KeePassXC zilijengewa uwezo huo, na watumiaji wake wanafungua hazina zao za nywila kwa mazungumzo yanayopita ndani ya kifaa kinachodai kuwa kibodi.

Herufi 44 zilikuwa na kasoro moja kubwa. Kibodi huchapa katika dirisha lolote lililo wazi. Tovuti bandia inayofanana na ya benki ingeweza kupokea herufi hizo na kuzipeleka papo hapo kwenye tovuti halisi. Ufunguo haukuwa na namna ya kujua, kwa kuwa hakuna aliyeuambia uko wapi.

U2F na masharti yake

Jibu la kasoro hiyo lilikuwa itifaki ya U2F, iliyotokana na kazi ya Google na Yubico na kukabidhiwa kwa Muungano wa FIDO. Chrome iliipokea Oktoba 2014, na maelezo rasmi ya toleo la kwanza yakatolewa Desemba mwaka huohuo. Kiini chake ni rahisi: kivinjari, wala si tovuti, ndicho kinachouambia ufunguo anwani inayohusika. Ufunguo hupokea muhtasari wa SHA-256 wa anwani hiyo na kutia saini juu yake pamoja na kihesabio na namba nasibu iliyotoka kwa tovuti. Tovuti bandia hupata saini iliyobeba anwani yake bandia, na saini hiyo haina thamani popote pengine. Mwezi Julai 2018 Google ilieleza kwamba tangu mwanzo wa mwaka 2017, walipoanza kulazimishwa kutumia funguo hizi, hakuna hata mmoja wa wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 aliyeibiwa akaunti ya kazi kwa njia ya tovuti za kulaghai.

Kwa mwandishi wa programu, ujumbe wa U2F ni ndugu wa damu wa kadi za miaka ya 1990. Ni APDU zilezile: amri ya 01 husajili, 02 huthibitisha, 03 huuliza toleo. Kilichobadilika ni bahasha. APDU hukatwa katika pakiti za HID za baiti 64. Pakiti ya kwanza hubeba baiti 57 za ujumbe baada ya namba ya njia, amri na urefu, na zinazofuata hubeba 59 kila moja, hata ujumbe mzima usizidi baiti 7,609. Wasanifu hawakukosa ucheshi: namba inayotambulisha vifaa hivi katika orodha ya HID ni F1D0. Na kama ilivyokuwa kwa ISO 7816, walitenga chumba cha matumizi binafsi, amri za 40 hadi 7F, kwa ajili ya watengenezaji wa vifaa.

Chumba hicho, hata hivyo, kilifikiwa na programu zilizosakinishwa kwenye kompyuta tu. Tovuti haikuwa na ufunguo wake. Kupitia kivinjari, tovuti iliweza kusema mambo mawili: sajili, na thibitisha. Hapo ndipo mlango rasmi ulipoanza kubana.

Kupenyeza ujumbe ndani ya alama ya ufunguo

Kampuni ya Ledger ya Paris ilikuwa ikitengeneza vifaa vya kutunza siri za sarafu za kidijitali. Vifaa vyake vilizungumza kwa APDU, lakini pochi nyingi za sarafu hizo, hasa za Ethereum, zilikuwa kurasa za tovuti. Ukurasa ulihitaji kukiambia kifaa: "Tia saini muamala huu," na kivinjari hakikuwa na sentensi hiyo katika msamiati wake.

Ufumbuzi wa wahandisi wake unastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu ndio mfano ulio wazi zaidi wa suala zima. Katika U2F, tovuti inapoomba uthibitisho hutuma alama ya ufunguo, yaani mfuatano wa baiti usiozidi 255 ambao kifaa chenyewe kiliutoa wakati wa usajili. Kivinjari hakielewi maana ya alama hiyo na hakitakiwi kuielewa, huipitisha tu. Ledger iliweka APDU yake mahali pa alama. Kifaa kilipopokea ombi la uthibitisho, badala ya kutafuta ufunguo unaolingana na alama, kiliifungua bahasha na kutekeleza amri iliyokuwa ndani. Jibu lilirudi mahali ambapo saini ilipaswa kukaa, baada ya baiti moja ya kuthibitisha uwepo wa mtumiaji na nne za kihesabio. Kivinjari hakikagui saini, kwani hiyo ni kazi ya seva. Basi hakikugundua kwamba iliyopita haikuwa saini hata kidogo. Kabla ya kutumwa, baiti za amri zilichanganywa kwa operesheni ya XOR na neno fupi lililotofautiana kwa kila programu ya kifaa. Kwa Ethereum lilikuwa "w0w". Neno hilo liliandikwa wazi katika maktaba iliyotolewa hadharani, kwa hiyo halikuwa siri.

Mbinu hii haikuvunja ulinzi wa mtu yeyote. Kifaa cha Ledger kina kioo, na mtumiaji aliuona muamala kabla ya kuukubali. Lakini ilikuwa na udhaifu wa kila jambo linaloishi ndani ya nyumba ya mwingine. Kivinjari kilidhani kinasubiri mguso wa sekunde chache, ilhali mtumiaji alikuwa akisoma kiasi na anwani kwenye kioo kidogo. Muda ukiisha, ombi lilikufa mikononi. Ujumbe mrefu ulilazimika kukatwa vipande, na kila kipande kilikuwa ombi jipya la uthibitisho. Wasanifu wa funguo huria, miongoni mwao watengenezaji wa U2F Zero na OnlyKey, walitumia njia ya jamii hiyohiyo kwa mahitaji yao, kuanzia kupata namba nasibu hadi kuweka saa.

Chrome ilipoiondoa API ya U2F mwaka 2022, njia hiyo ilizibwa pamoja nayo. Wakati huo Ledger ilikuwa imekwisha kuhamia kwenye milango mingine, WebUSB na WebHID. Mlango wa kwanza kati ya hiyo una habari yake.

Berlin, 2018

WebUSB iliingia katika Chrome 61 mwezi Septemba 2017. Iliiruhusu tovuti, kwa idhini ya mtumiaji, kuzungumza moja kwa moja na kifaa cha USB kwa lugha yoyote. Kwa waandishi wa programu waliochoka kupenyeza ujumbe katika bahasha za wengine, ilikuwa nafuu kubwa.

Mwezi Februari 2018, katika mkutano wa OffensiveCon mjini Berlin, watafiti Markus Vervier na Michele Orrù walionyesha upande wake wa pili. YubiKey NEO, iliyotolewa miaka michache kabla, ilikuwa na violesura viwili ndani ya mwili mmoja: kile cha HID, ambacho kivinjari kilitumia kwa U2F, na kile cha kisomaji cha kadi, CCID, kilichokuwepo kwa ajili ya OpenPGP na kazi nyingine. Programu ya U2F ndani ya ufunguo ilisikiliza pande zote mbili. Tovuti bandia iliyopewa idhini ya WebUSB iliweza kuingia kupitia CCID, kutunga APDU ya uthibitisho kwa mkono wake, na kuandika humo muhtasari wa anwani ya tovuti halisi. Ufunguo ulitia saini. Mtumiaji alitakiwa kubofya idhini moja na kugusa kitufe kimoja, mambo ambayo mtu aliyekwisha kudanganywa na ukurasa hufanya bila kuuliza.

Hakuna kosa la hisabati lililotendeka hapo. U2F ilifanya kazi kama ilivyoandikwa, na WebUSB vilevile. Kilichovunjika ni dhana iliyokuwa chini ya U2F bila kuandikwa kwa wino mzito: kwamba tovuti haitakuwa na njia nyingine ya kuufikia ufunguo isipokuwa kupitia kinywa cha kivinjari. Uzuri uleule ulioifanya APDU idumu, yaani kutojali bahasha inayoibeba, ndio uliomfungulia mshambuliaji.

Kufungwa kwa milango

Baada ya hapo Chrome ilizizuia funguo hizo zisifikiwe kwa WebUSB, na maelezo ya WebUSB yakaorodhesha madaraja ya violesura visivyoguswa na tovuti, yakiwemo ya HID na ya visomaji vya kadi. WebHID ilipofika katika Chrome 89 mwaka 2021, vifaa vya F1D0 vilikuwa vimewekwa kando tangu siku ya kwanza. Kinyume na matarajio ya wengi, kufungwa hakukuishia kwenye tovuti. Kuanzia toleo la 1903 la Windows 10, la mwaka 2019, programu isiyoendeshwa na msimamizi haiwezi kufungua kifaa cha FIDO moja kwa moja. Lazima ipitie maktaba ya mfumo yenyewe. Hata zana ya Yubico ya kusimamia funguo ilibidi iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi ili kufika sehemu ya FIDO.

Hatua hizi mbili hazina uzito sawa, ingawa mara nyingi hujadiliwa kwa pumzi moja. Tovuti ni mgeni aliyebisha hodi. Programu iliyosakinishwa ni mtu aliyekwisha kupewa chumba. Kumzuia mgeni asiongee na ufunguo ni kulinda msingi wa U2F. Kumzuia mkazi kunapunguza madhara ya programu hasidi, lakini kunawabebesha gharama waandishi wa zana ndogo ambao hawana sauti katika vikao vya viwango, na chumba cha amri za 40 hadi 7F kinabaki kwenye karatasi huku mlango wake ukiwa umepigiliwa misumari kwa mtumiaji wa kawaida.

Wakati huohuo, mawasiliano nje ya kivinjari yalipata njia za halali zaidi. OpenSSH 8.2, iliyotolewa Februari 14, 2020, ilikubali funguo za FIDO kwa kuingia katika seva. Badala ya anwani ya tovuti, ufunguo hupewa muhtasari wa neno linaloanza na "ssh:". Kwa kuwa hakuna jina la tovuti linaloweza kuanza hivyo, saini ya seva haiwezi kuombwa na ukurasa wa wavuti, wala ya ukurasa kutumika kwenye seva. Tofauti na alama ya ufunguo ya Ledger, hapa hakuna bahasha iliyobadilishwa maana: kinachotiwa saini ni saini kweli, na anayeiomba anajitaja kwa jina lake.

Itifaki ya CTAP2, iliyokuja pamoja na WebAuthn iliyoidhinishwa na W3C Machi 2019, iliongeza hatua nyingine kwa kiendelezi cha hmac-secret. Kifaa hupokea thamani moja au mbili za baiti 32 na kurudisha siri inayotokana nazo, jambo linalokumbusha sana YubiKey ya kibodi na jibu lake la baiti 20. Toleo la 248 la systemd, la Machi 2021, lilikitumia kiendelezi hicho kufungua diski zilizofungwa kwa LUKS. Tovuti nazo zilitaka uwezo huohuo, nao ukatolewa kwa jina la PRF. Kivinjari, kabla ya kuipeleka kwenye ufunguo thamani iliyotolewa na tovuti, huitanguliza maneno "WebAuthn PRF" na baiti moja ya sifuri, kisha huvikokotoa vyote kwa SHA-256. Programu ya ndani ya kompyuta huipeleka thamani yake ilivyo. Ufunguo hauoni tofauti yoyote kati ya maombi hayo mawili. Baiti hizo za utangulizi, zinazowekwa na kivinjari peke yake, ndizo zinazoizuia tovuti kuomba siri iliyokusudiwa kwa programu ya ndani.